Kutoa, kukarabati na kurudisha boksi la hewa la Honda CG125 ya zamani

Wenye CG za zamani huniuliza maswali mawili. La kwanza: "Boksi la hewa limepasuka, nilitupe niweke filta ya koni?" La pili huja wiki chache baada ya la kwanza: "Nimeweka koni, sasa pikipiki haivuti na plagi imekuwa nyeupe." Koni ni filta ya umbo la koni inayofungwa moja kwa moja kwenye kabureta, bila boksi. Maswali haya nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno. Sasa nayaandika, ili aliye mbali nami naye aweze kufanya kazi hii mwenyewe, jioni moja, bila kuharibu kitu.

Nazungumzia Honda CG125, ile iliyoanza kutoka mwaka 1976, injini ya cc 124 ya pushirodi, yaani fimbo ndefu zinazosukuma vali. Naichagua kwa sababu ndiyo niliyoifungua mara nyingi zaidi, na kwa sababu bodaboda nyingi za Kichina zina injini iliyoigwa kutoka kwake. Kwa hiyo hata kama yako si Honda, utaratibu ni ule ule. Kitakachobadilika ni mahali ilipo bolti fulani.

Niseme msimamo wangu mapema: boksi likiokoleka, liokoe. Si kopo la kubebea filta tu. Ndilo linaloipa kabureta hewa iliyotulia, na jeti zilizomo ndani ya kabureta, vile vitundu vinavyopima petroli, zilichaguliwa kwa hewa hiyo. Linazuia maji ya mvua na linameza kelele ya injini inapovuta pumzi. Halafu kuna vumbi. Anayezunguka kwenye lami ya mjini anaweza kuishi na koni. Anayepita barabara ya vumbi Dodoma au Singida mwezi wa nane, nyuma ya basi, anahitaji boksi lililoziba kila upande.

Niliwahi kununua CG ambayo mwenyewe wa kwanza alilitoa boksi, akafunga kipande cha sponji ya godoro kwenye mdomo wa kabureta kwa mpira wa tyubu. Nilipoingiza kidole mdomoni mwa kabureta kilitoka na uji mwekundu: vumbi lililolowa petroli. Silinda ilipofunguliwa, ukuta wake ulikuwa na mikwaruzo ya wima iliyokwamisha ukucha, na ringi zilikuwa zimelika hadi kuwa na makali. Ilibidi nichonge silinda, ninunue pistoni na ringi. Fedha ile ingenunua boksi na shingo yake, yaani raba inayoliunganisha na kabureta, na chenji ikabaki.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Spana namba 8, 10 na 12, na spana ya T namba 10 kama unayo
- Bisibisi ya nyota na ya bapa
- Tochi ndogo, yenye mwanga mkali
- Vitambaa safi viwili, kimoja kirefu
- Brashi laini, mswaki wa zamani unatosha
- Mafuta ya taa kidogo, sabuni ya maji na beseni
- Oili ya gia, SAE 80W-90, robo lita haitaisha
- Grisi
- Klempu mpya za chuma za kipimo cha shingo yako
- Simu ya kupigia picha
- Kopo la kuwekea bolti na skrubu

Usianze kazi hii jioni ya kuamkia safari. Shingo ya raba ya miaka thelathini huweza kupasukia mkononi mwako, na hapo hutaondoka mpaka upate nyingine.

Kutoa

1. Acha injini ipoe kabisa. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, funga koki ya mafuta, kisha legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta umwage petroli iliyobaki kwenye chombo. Fanya kazi nje au mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara.

2. Safisha kabla ya kufungua chochote. Wengi huiruka hatua hii. Kwa brashi na kitambaa kibichi, ondoa vumbi lote kuzunguka kabureta, boksi na chini ya siti. Ukifungua shingo kukiwa na tope kavu juu yake, tope hilo litadondokea mdomoni mwa kabureta.

3. Toa kava za pembeni na siti. Kava za zamani zimeshikwa na vijiti vya plastiki vilivyopenyezwa kwenye raba, na vijiti hivyo vimekauka. Tia maji ya sabuni kwenye kila raba, subiri kidogo, halafu vuta moja kwa moja kuja kwako. Ukivuta kwa kupinda, kijiti kinabaki ndani.

4. Kama betri inakuzuia kufika, itoe. Anza na waya wa hasi, malizia na wa chanya. Wakati wa kurudisha utafanya kinyume chake.

5. Piga picha kila upande: njia za waya, mipira yote inayoingia kwenye boksi, na jinsi klempu zilivyogeukia. Picha tano au sita. Utanishukuru kesho.

6. Legeza klempu inayobana shingo ya raba kwenye kabureta. Skrubu ikiwa na kutu, itie oili na uiache nusu saa. Usiifinye kwa koleo ukaipinda, maana klempu iliyopinda haibani sawa pande zote hata ukiikaza vipi.

7. Fungua bolti zinazolishika boksi kwenye fremu na uzitie kwenye kopo. Chomoa mpira wa kupumulia wa injini kama unaingia kwenye boksi. Sasa sukuma boksi nyuma kadiri litakavyokwenda. Mara nyingi hiyo nafasi ndogo inatosha kuifanya shingo itoke kwenye mdomo wa kabureta bila kuigusa kabureta yenyewe.

8. Ikigoma, usitumie bisibisi kuibandua raba. Mwagia shingo maji ya moto, si yanayochemka, subiri ilainike, kisha izungushe huku ukiivuta. Ikigoma tena, fungua nati mbili, spana namba 10, zinazoishika kabureta kwenye injini, uitoe kabureta pamoja na shingo. Angalia o-ringi (ile pete ya raba ya kuzibia) na kile kipande cha kuzuia joto kati ya kabureta na injini, visianguke.

9. Mara tu mdomo wa kabureta ukibaki wazi, uzibe kwa kitambaa kile kirefu na uache mkia wake uning'inie nje, uonekane. Nasisitiza mkia kwa sababu nimeshaletewa pikipiki iliyosukumwa kilomita mbili kwa kukataa kuwaka, na kitambaa kilikuwa humo ndani.

10. Chomoa boksi kwa kuligeuzageuza mpaka lipate upenyo. Likikwama, kuna waya au mpira umelishika. Tazama tena kabla hujatumia nguvu.

Kukagua

Kazi yenyewe iko hapa, hivyo chukua muda wako.

Anza na shingo ya raba. Ukiitazama tu utaiona nzima. Ishike kwa mikono miwili, ikunje taratibu upande mmoja halafu mwingine, hasa kwenye mikunjo yake na pale inapoungana na boksi. Ufa uliokuwa umejificha utafunguka kama mdomo. Ndani ya ufa huo, mara nyingi, utakuta mstari wa vumbi laini kama poda. Hilo ni vumbi lililokuwa likipita bila kukutana na filta.

Kisha subiri giza, au ingia chumba chenye giza. Washa tochi, iweke ndani ya boksi, ziba matundu yaliyotengenezwa kiwandani kwa mkono au kitambaa, na lizungushe boksi polepole. Popote mwanga unapotokeza pasipostahili, hewa chafu nayo inaingia. Weka alama kwa kalamu ya rangi.

Tazama pia ukingo ambao filta hukalia. Ukiona njia ya vumbi imevuka ukingo huo kuelekea upande wa kabureta, filta haikuwa imekaa sawa au sponji imepungua unene. Pikipiki ikiwa ilikaa muda mrefu bila kutumika, chungulia ndani kabisa. Nyigu hupenda kujenga humo kwa udongo, na panya huingiza majani na matambara.

Kuosha sponji

Filta ya asili ya CG ni sponji inayolowekwa oili. Oili ndiyo inayonasa vumbi, kwa hiyo sponji kavu ni sawa na wavu wa kukamatia inzi.

11. Ikamue ndani ya mafuta ya taa mpaka uchafu utoke, kisha ioshe kwa maji na sabuni. Usitumie petroli: inalegeza gundi ya sponji, na beseni la petroli wazi ni hatari ya moto. Kamua kwa kubana kati ya viganja. Usiisokote kama nguo, itachanika.

12. Iache ikauke kabisa kivulini. Ikimeguka ukiibonyeza, umri wake umeisha, nunua nyingine.

13. Itie oili ya gia, ibonyeze mpaka rangi iwe moja kila mahali, kisha kamua ziada yote. Ukiishika iwe na unyevu wa kunata, isidondoshe. Oili ikizidi, injini inakosa pumzi na moshi mweusi unaanza.

Kama boksi lako limebadilishwa na sasa linatumia filta ya karatasi, sahau hatua hizi tatu. Karatasi haioshwi wala haitiwi oili. Inapulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na ikishakuwa nyeusi hadi katikati inatupwa.

Kuziba nyufa

Boksi la plastiki lenye ufa linaunganika vizuri kwa moto. Wale mafundi wa mitaani wanaoziba ndoo na mabeseni wanaijua kazi hii kuliko mafundi wengi wa pikipiki. Ukifanya mwenyewe, toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, kisha yeyusha kingo kwa pasi ya kulehemu huku ukiongeza plastiki ya aina ile ile, ndani na nje. Gundi za kawaida hushika siku chache, kisha mtikisiko unazibandua.

Usizibe chochote karibu na kabureta kwa silikoni ya madirisha. Mvuke wa petroli unaivimbisha, inamenyeka, na vipande vyake vinavutwa ndani.

Shingo iliyopasuka haina tiba ya kudumu. Kwa dharura unaweza kuivika mkanda wa mpira wa tyubu ya gari na kuubana kwa klempu mbili, ufike nyumbani au umalize wiki. Kisha nunua mpya. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, na upime vitu vitatu: upana wa mdomo wa upande wa kabureta, upana wa upande wa boksi, na urefu. Jina la pikipiki pekee halitoshi, maana shingo za pikipiki zilizoiga CG zinafanana kwa macho huku zikipishana kwa milimita kadhaa. Iliyo fupi itajivuta kila injini inapotikisika, na siku moja itachomoka.

Boksi zima la pikipiki mpya linaweza kuingia kwenye fremu ya CG ya zamani, ila si kila moja. Kabla hujalipa, linganisha matundu ya bolti na pembe ya mdomo. Mdomo ukielekea pembeni hata kidogo, utailazimisha shingo ijipinde, na utakuwa umenunua ufa mwingine.

Kurudisha

14. Rudisha filta ndani ya boksi. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo inapokaa, na uhakikishe haijakunjwa kona yoyote.

15. Paka grisi kidogo sana, kama utando, ndani ya shingo. Usiifute. Nitakwambia kazi yake hatua ya mwisho.

16. Ingiza boksi, lakini bolti zake zishike kwa vidole tu. Toa kitambaa mdomoni mwa kabureta. Lainisha shingo kwa maji ya moto kwa nje, ikaushe bila kuigusa grisi ya ndani, kisha ivike kwenye kabureta mpaka ifike mwisho pande zote. Pitisha kidole nyuma ambako huoni, kwa sababu ni kule ambako mdomo wa raba hupenda kujikunja kwa ndani.

17. Sasa kaza bolti za boksi, halafu klempu. Ukikaza boksi kabla ya kuivika shingo, utaivuta shingo kwa nguvu. Kama uliitoa kabureta, kaza nati zake mbili kwa zamu, kidogo kidogo. Ukikaza mno, uso wake unapinda na hewa inapita hapo milele.

18. Rudisha mpira wa kupumulia na kizibo cha kumwagia maji cha chini ya boksi kama ulikitoa, kisha betri, siti na kava. Linganisha na picha.

19. Fungua koki, washa, acha ipate moto. Endesha wiki moja kwenye njia zako za kawaida, halafu fungua shingo na uitazame grisi uliyopaka. Ikiwa bado safi, umeziba vizuri. Ikiwa na chembe za vumbi, rudi kwenye tochi.

Ukiamua kuweka koni

Wapo ambao boksi halipatikani kabisa, na wapo wanaopenda fremu ionekane wazi. Sitakuzuia, ila fanya ipasavyo.

Nunua koni ya sponji au ya kitambaa cha oili inayobana mdomo wa kabureta bila kuforsi. Hewa itapita kwa wingi zaidi, kwa hiyo petroli nayo lazima iongezwe. Soma namba iliyo kwenye jeti kuu. Kama ni 95, jaribu 98, halafu 100. Panda hatua moja tu kila mara. Panda mlima akseleta ikiwa wazi kabisa kwenye barabara salama, bana klachi, zima injini pale pale, simama pembeni na usubiri plagi ipoe kidogo kabla ya kuitoa. Rangi ya kahawia kama ngozi ya karanga ni nzuri. Nyeupe, panda tena. Nyeusi yenye masizi makavu, shuka. Plagi ya kawaida ya CG ni NGK D8EA, yenye nafasi ya mm 0.6 hadi 0.7 kati ya ncha zake. Weka mpya kabla ya kuanza majaribio, ya zamani itakudanganya.

Pikipiki ikisita katikati, unapokuwa nusu ya akseleta, inua sindano ya kabureta kwa kushusha kipini chake (klipu iliyo juu ya sindano) ngazi moja. Ikisumbua chini, yaani akseleta ikiwa imefungwa, rekebisha skrubu ya mchanganyiko. Iliyo upande wa filta inarekebisha hewa, hivyo kuifungua kunapunguza ukali wa petroli. Iliyo upande wa injini inarekebisha petroli, na kuifungua kunaongeza. Watu wengi huzungusha bila kujua wanayo ipi.

Mpira wa kupumulia wa injini usiuache wazi chini. Uwekee filta yake ndogo au uupandishe juu chini ya tangi. Wakati wa mvua, vika koni kifuniko chake. Na lile boksi la zamani lifunge kwenye mfuko ulihifadhi, atakayekuja kuinunua pikipiki atalitaka.

Ikikataa baada ya kazi

*Haiwaki kabisa.* Kitambaa. Kisha koki. Kisha waya wa betri.

*Inawaka lakini inapanda na kushuka yenyewe bila kupewa mafuta.* Hewa inaingia kati ya kabureta na injini, hasa kama uliifungua. Injini ikiwa inanguruma, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio hayo. Mlio ukibadilika, umepata mahali. Badilisha o-ringi.

*Haina nguvu, lakini ukivuta choki nusu inachangamka.* Inakosa petroli. Ukiwa na koni, jeti bado ni ndogo. Ukiwa na boksi, tafuta ufa, au uchafu ulioingia kwenye jeti ulipoitoa kabureta.

*Moshi mweusi na plagi nyeusi baada ya kurudisha boksi.* Kwanza kamua tena sponji. Ikibaki vile vile, soma namba ya jeti kuu. Inawezekana aliyekutangulia aliweka jeti kubwa kwa ajili ya koni, na sasa umerudisha boksi bila kuirudisha ya asili. Nimeikuta hii mara nyingi kwenye pikipiki zilizopita mikono mingi.

*Plagi imelowa oili na moshi ni wa bluu.* Hili si la boksi tena. Ringi au sili za vali zimechoka, na pengine ni vumbi la zamani lililozimaliza. Pima nguvu ya mgandamizo kabla hujatumia fedha kwenye kabureta.

*Inasikika mluzi au mkoromo chini ya siti unapoongeza mafuta.* Shingo haikufika mwisho upande wa nyuma. Fungua, rudi hatua ya 16.

*Inakufa baada ya mvua kubwa, inapona kesho yake.* Toa kizibo cha chini ya boksi umwage maji, kisha tazama kama kava ya pembeni unayotumia ni yake. Ikiwa na tundu au imekaa mbali na boksi, maji ya gurudumu la nyuma yanaruka moja kwa moja hadi kwenye filta.